Singa za Marehemu

Pingu zilikuwa bado hewani.

Ndiyo, msomaji. Wewe ulilikunja gazeti Jumamosi iliyopita ukaenda zako kula, lakini Inspekta tulimwacha kanyanyua mkono, pingu zinaning'inia kidoleni, na mbele yake mjane kakaa na mtoto wa miezi saba kifuani. Wiki nzima mkono huo haujashuka. Mtu wa watu lazima ana ganzi.

Na kama gazeti lako lilifungiwa sabuni dukani kabla hujalisoma, mambo yenyewe ni haya. Mzee Singa, fundi samani mwenye nywele ndefu laini zilizomfika mabegani, alikufa baada ya kuugua tumbo na kufa ganzi miguu kwa miezi. Dada yake, ambaye ofisi nzima ya polisi sasa inamwita Shangazi, akaapa kwamba kaka yake kalishwa sumu. Kaburi likafukuliwa, nywele zikapelekwa maabara. Mkemia wa serikali, mama mfupi mwenye miwani mizito, akaja na majibu. Sumu ipo. Inaitwa aseniki, ile waliyoulia panya watu wa zamani. Tena iliingia mwilini mwa Mzee Singa mwezi uleule bibi harusi alipoingia nyumbani.

"Halafu ikasimama miezi miwili," mkemia alikuwa amesema. "Na miezi hiyo miwili, kuna mtu hakuwepo nyumbani."

Macho yote yakamwangukia mjane.

"Nilikwenda kwa mama yangu kujifungua," alisema mjane. Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa imechoka tu. "Miezi miwili. Nani hapa asiyejua?"

"Haya!" Shangazi akapiga kofi moja la nguvu. "Kajisema mwenyewe! Mwenye kidonda hasemi uongo pakiguswa. Afande, mfunge!"

Inspekta akashusha mkono. "Mama, lete mikono."

"Mtoto nimpe nani?"

Swali hilo halikuwemo katika mafunzo yake. Inspekta akamtazama askari wa mlangoni, askari akatazama dari. Akamtazama Shangazi, Shangazi akarudisha mikono kwapani. Mwisho akamtazama Msumeno.

Msumeno ni mwana wa kwanza wa marehemu. Ana miaka arobaini na minne, yaani anamzidi mama yake wa kambo miaka kumi na mitatu, na ndiye msimamizi wa karakana ya baba yake. Yule mtoto mchanga ni mdogo wake wa damu. Tangu asubuhi alikuwa amejikunja pembeni mwa benchi, mfuko wa turubai magotini, akitazama viatu vyake kama vimeandikwa kitu.

Hakunyoosha mkono.

"Afande," mkemia akasema, "mimi sijamaliza."

"Umemaliza, mama. Umefanya kazi nzuri sana."

"Nimesema sijamaliza."

Akakaa tena mezani. Juu yake kulikuwa na karatasi nyeupe, na juu ya karatasi vichupa kumi na vinane vidogo, vimepangwa kama askari wa gwaride. Kila kichupa kilikuwa na kipande cha nywele cha sentimita moja.

"Nieleze tena, kwa sababu hapa naona watu wamesikia wanachokitaka," alisema. "Unywele hulishwa na damu kwenye shina lake. Kilichomo kwenye damu mwezi huu kinajifungia humo ndani, halafu unywele unakua, unakisukuma nje. Kwa mwezi ni sentimita moja, imezidi kidogo au imepungua kidogo. Kwa hiyo kichupa hiki cha kwanza, cha karibu na ngozi, ni mwezi wake wa mwisho duniani. Kile cha kumi na nane, cha nchani, ni mwaka mmoja na nusu nyuma."

"Tunajua," alisema Inspekta.

"Cha kumi na nane, safi. Cha kumi na saba, safi. Cha kumi na sita, sumu. Ndiyo mwezi wa harusi. Sumu inaendelea mpaka cha saba. Cha sita na cha tano, safi. Kuanzia cha nne mpaka cha kwanza, sumu tena, na kila mwezi inapanda."

"Kaka yangu alikuwa akipaka rangi nywele," Shangazi akadakia. Hapo hapo akajiuma ulimi. Alikuwa amekuja kumtia mjane hatiani, si kumtetea.

"Hilo nililiwaza. Zilioshwa mara tatu kabla ya kupimwa. Na kama ni rangi, ingekaa unywele mzima. Isingeruka sentimita mbili za katikati."

"Basi si rangi! Ni huyu!"

"Inawezekana. Lakini unywele umeniambia lini. Haujaniambia nani."

Inspekta akavuta pumzi kwa pua, kama mtu aliyeletewa mchuzi umepoa. Kesi ilikuwa imekwisha kabisa, tena kabla ya chakula cha mchana.

"Na za kwake?" akauliza. "Si tulizipima za kwake pia?"

Tulizipima, msomaji, mara mbili. Mara ya kwanza askari alikata msuko mmoja mrefu kichwani mwa mjane, akautia bahasha, akapiga muhuri. Maabara ikatoa taarifa ya kurasa nne kuhusu mwanamke fulani wa nchi ya mbali, asiye na kosa, aliyeuza nywele zake kwa wafanyabiashara. Mara ya pili mkemia alikwenda mwenyewe, akafumua, akakata zilizoota.

"Za kwake ni safi," alisema mkemia. "Mwanzo hadi mwisho."

"Unaona?" Shangazi akamgeukia Inspekta. "Mpishi wa sumu haonji sufuria yake!"

"Na kama zingekutwa na sumu?" mkemia akauliza.

"Basi ingekuwa ilimrukia akiipika."

Askari wa mlangoni akakohoa ili asicheke. Mjane akamgeukia wifi yake.

"Wifi," alisema, "mimi na kaka yako tulikuwa tunakula sahani moja. Tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisema mke akila peke yake chakula kinalia. Mkono wake na wangu, humo humo. Nikiwa na mimba, humo humo. Nimelala chini siku nne mahabusu ya hapa, kila usiku najiuliza hiyo sumu niliitia upande gani wa sahani."

Mtoto akapiga chafya.

Mkemia akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga... hapana, kwa ncha ya koti lake jeupe. Mwandishi wenu naye amechoka. Akaivaa.

"Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi," akasema. "Basi kuna kitu Mzee alikula au alikunywa, ambacho mkewe hakukila. Alikianza alipooa. Alikiacha mkewe aliposafiri. Alikirudia mkewe aliporudi, tena kwa pupa. Nani anakijua?"

Msumeno akainuka kwenye benchi.

"Naomba niende msalani," alisema Msumeno.

"Kaa," alisema mkemia.

Mkemia si polisi, hana cheo begani wala fimbo. Msumeno akakaa.

Uso wake ulikuwa na jasho, na feni ilikuwa inazunguka. Akaufungua mfuko wa turubai, akaingiza mkono, akautoa, akauingiza tena. Kisha akaweka mezani kopo dogo la bati, kimo cha kidole, limebandikwa karatasi nyekundu yenye picha ya fahali amesimama juu ya mlima.

"Nilimpa mimi," alisema.

Shangazi akaketi bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Pingu zikahama. Inspekta alizisogeza kutoka mbele ya mjane hadi mbele ya Msumeno kwa wepesi wa mwenye duka anayegeuza mzani. Halafu jicho lake likatua kwenye kopo.

Mkono ukakwama njiani.

"Hii... hii ni nini?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Unga wa nguvu, afande."

"Nguvu za nini?" Shangazi akauliza.

Msumeno akarudi kwenye viatu vyake.

"Nguvu za nini, mwanangu? Za kubeba mbao?"

"Shangazi, baba alikuwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa ameoa msichana."

Ofisi nzima ikaelewa kwa wakati mmoja, na kila mtu akatafuta mahali pa kupeleka macho. Askari wa mlangoni alichagua kalenda.

Maneno yakamtoka Msumeno kama misumari inayomwagika. Wiki ya harusi baba yake alimwita nyuma ya karakana, akamtuma kwa mtu mmoja anayejiita Daktari Chuma, ana duka karibu na kituo cha mabasi. Akamwapisha kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia binadamu. Kopo lilifichwa ndani ya debe la vitasa. Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani, mzee alikoroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto, akanywa amesimama, akafuta mdomo kwa shati.

"Na miezi ile miwili?" mkemia akauliza.

"Mkewe hakuwepo. Alisema dawa hainywewi bure. Aliporudi na mtoto, baba akasema sasa anataka wa pili. Akafanya vijiko viwili. Halafu vitatu."

"Na alipoanza kuumwa tumbo?"

"Nilimwambia tuache. Akasema tumbo ni la mbao za msimu ule, zina vumbi kali."

Ndipo mjane alipocheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, kilimponyoka kabla hajakizuia. Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakitikisika, na haikuchukua muda watu wakajua kwamba hicho hakikuwa kicheko tena.

"Mimi sikumwomba," alisema. "Mniamini. Kila jioni alikuwa anarudi kachoka, namwambia, mume wangu, lala, mimi sina haraka na kitu. Anasema, unaniona mzee? Namwambia, nakuona mtu wangu. Nilimpenda kwa ajili ya hadithi zake. Alikuwa ananisimulia habari za kila kiti alichowahi kutengeneza na nani alikikalia." Akafuta macho. "Yote haya kwa ajili yangu, na mimi sikutaka hata robo yake."

Shangazi alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii, akakifunga bila kusema kitu.

"Wiki sita, Msumeno," mjane akaendelea, sasa amemgeukia. "Ulinitazama wanavyonitoa nyumbani na mtoto mgongoni. Kopo ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo. Kila siku naondoka nalo nikalitupe, nashindwa. Nilijiambia nalinda heshima ya baba. Mtu kama yule, watu waje kumcheka kaburini? Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni karakana. Nilijua wewe ukifungwa, inabaki kwangu. Nililiwaza hilo. Siku ya kwanza nililiwaza kidogo, na baadaye sana."

Sheria ni msumeno, wamesema wahenga, hukata mbele na nyuma. Hawakusema Msumeno mwenyewe akijikata itakuwaje.

"Afande," mkemia akasema, "usimfunge mtu leo. Maneno ni maneno. Ngoja nipime huu unga. Nipe siku mbili."

Kwa kawaida Inspekta hapokei amri kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe. Lakini siku hiyo alikuwa bado analitazama lile kopo, yule fahali, ule mlima.

"Siku mbili," alisema. "Sawa. Wote mwende. Nataka kukaa peke yangu."

Siku hizo mbili zilikuwa na vituko vyake. Inspekta hakuonekana kantini. Alipelekewa chai, akarudisha kikombe kimejaa. Asubuhi ya siku ya pili aliingia kituoni kichwa kinang'aa. Alikuwa amenyoa para, wembe hadi kwenye ngozi, na nyusi nazo zilikuwa zimepunguzwa kwa namna ya kutia shaka.

"Joto," alimwambia kila aliyemtazama. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Saa nne mkemia akaja na bahasha. Wote walikuwepo, kila mtu mahali pake, isipokuwa Shangazi, ambaye safari hii alichagua kiti cha karibu na mlango.

"Aseniki," alisema mkemia. "Imejaa tele. Kijiko kimoja hakikuui leo. Kinakuua kidogo kidogo, na vitatu vinafupisha safari. Marehemu hakulishwa sumu na mtu yeyote ndani ya nyumba yake. Aliinywa mwenyewe, kwa hiari yake, akidhani anarefusha ujana."

Inspekta akaketi taratibu. Akaagiza vijana wake watatu waende kumkamata Daktari Chuma na kufagia duka lake lote, wasibakize hata kizibo. Akamwambia Msumeno ataandika maelezo upya, na kwamba kunyamaza mtu mwingine akiteseka kuna kifungu chake katika sheria. Halafu akamsogezea mjane karatasi ya kuachiwa huru.

Mjane akaangalia karatasi, akaangalia kalamu, akaangalia mtoto kifuani. Akasimama, akavuka chumba hadi kwenye benchi.

"Mshike mdogo wako," alisema. "Nataka kusaini."

Msumeno akanyoosha mikono. Ilikuwa mikono mikubwa ya fundi. Mtoto akamkamata ndevu, akavuta.

"Mama," alisema Msumeno. Hajawahi kumwita hivyo, hata siku ya harusi. "Mama, sijui nianzie wapi."

"Anzia kumwambia shangazi yako anirudishie funguo za nyumba yangu."

Shangazi alikuwa ameshazitoa. Aliziweka mezani, akatengeneza mtandio, akasema kwa sauti ambayo ukuta tu ndio uliotakiwa kuisikia, "Nilimlilia kaka yangu. Ukilia sana huoni vizuri." Akatoka. Kwa Shangazi, huko ndiko kuomba radhi, na mjane alikupokea kwa kuinamisha kichwa mara moja.

Wakaondoka mmoja mmoja. Mkemia akakusanya vichupa vyake kumi na vinane, akafunga mkoba. Alipofika mlangoni, Inspekta akamwahi. Akaufunga mlango, akageuza ufunguo.

"Mkemia," alisema. "Tuseme kuna mtu. Mtu tu. Ametumia huo unga. Si vijiko vitatu. Nusu kijiko. Tangu mwezi wa tatu."

Mkemia akamtazama kuanzia para hadi viatu.

"Vidole vya miguu vinawaka moto usiku, huyo mtu?"

"...Vinawaka."

"Akaamua kunyoa, ili asije mtu akaokota unywele wake kwenye kofia?"

Inspekta akaizunguka meza. Alivuta droo ya chini, akatoa kopo. Fahali yuleyule, mlima uleule. Lilikuwa limebaki robo.

"Nina mke," alisema. Cheo chote kilikuwa kimemtoka mabegani. "Nina watoto wanne. Hajui. Nitakufa?"

"Kwa nusu kijiko, na ukiacha leo, na ukienda hospitali leo hii bila kuniletea ubishi, sidhani. Lakini lazima nijue sumu imekujaa kiasi gani. Daktari atauliza."

"Sina nywele. Umeniona."

"Afande, mwenye nywele kichwani tu nimewahi kumwona kwenye picha. Fungua shati."

Ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Mchana kweupe, ndani ya ofisi ya serikali, Inspekta alisimama chini ya picha ya mkuu wake wa kazi, ameshikilia shati kwa mikono miwili hadi kidevuni, na mkemia ameinama na kibanio, anang'oa mmoja mmoja kutoka kifuani.

"Aa!"

"Ulikuwa unadhani waliokuwa wanahojiwa humu wanapiga kelele za nini? Tulia."

Simu ikalia mezani. Mikono ya Inspekta ilikuwa imeshika shati. "Nibonyezee spika," alinong'ona. Mkemia akabonyeza kwa kiwiko.

"Afande!" Ilikuwa sauti ya mmoja wa wale askari watatu, inahema. "Tupo dukani kwa Daktari Chuma. Mwenyewe katoroka, tumevunja kufuli. Makopo yapo kama mia mbili."

"Chukueni yote. Chukueni kila kitu kilichomo humo."

"Kila kitu, afande?" Sauti ikasita. "Kuna picha ukutani. Za wateja walioridhika. Ya katikati ndiyo kubwa kuliko zote, ina fremu."

"Mliambiwa kila kitu!"

"Ni wewe, afande. Umevaa sare. Unatabasamu, umeshika kopo. Chini pameandikwa, 'Hata sheria inasimama imara.'"

Kibanio kikaganda hewani.

"Aliniambia ni ya ukumbusho," Inspekta alimnong'oneza mkemia.

"Na waandishi wa habari wamefika," askari akaendelea. "Wawili, mmoja ana kamera. Wapo mlangoni, hawajaingia bado. Nina kama nusu dakika. Nifanyeje, afande? Niitoe ukutani nikaifiche kwenye gari, au niiandike kielelezo?"

Inspekta akaachia shati. Mkemia alikuwa amesimama wima sasa, unywele mmoja kwenye kibanio, na hakuwa anautazama unywele. Alikuwa anamtazama yeye.

"Afande? Wanaingia. Unasemaje?"

Inspekta akaiinamia simu, akafumbua mdomo.